Machozi Hayapangwi: Picha ya Hisia za Kweli Ndiyo Inayokulipa Harusini

Leo naongea na wapiga picha za harusi, ila hata kama wewe unauza keki, unapamba kumbi au unakodisha mashela, soma tu, kuna kitu utaondoka nacho.

Tuanze na ukweli mchungu. Ukiingia ukumbini siku hizi kila meza ina simu, na simu nzuri. Bibi harusi akitokea mlangoni watu wanasimama, mikono juu, wote wanapiga. Ile picha ya maharusi wamesimama wameangalia kamera wanatabasamu, watu hamsini wameipiga bure. Sasa wewe unamwambia mteja akulipe laki kadhaa kwa picha ileile? Atalipa mara moja, kwa sababu ya kamati na kwa sababu ya macho ya watu. Mdogo wake akiolewa, kazi atapewa binamu mwenye simu kali.

Kitu ambacho simu ya shangazi haiwezi kukileta ni hisia. Sio kwamba simu ni mbovu. Shangazi mwenyewe yuko ndani ya sherehe. Mama wa bibi harusi anapofunika uso na khanga, shangazi naye anatafuta kitambaa cha kufuta machozi. Mtu pekee pale ndani aliyelipwa akae macho wakati wenzake wote wamezama ni wewe. Hiyo ndiyo bidhaa yako. Kamera ni jembe tu.

Mimi naendesha duka dogo la picha hapa Tanga: paspoti, kusafisha picha, fremu za ukutani, na wikiendi harusi. Kamera sikuisomea chuoni. Haya ninayoandika nimeyapata kwa kufanya, kwa kusoma, na kwa kukaa na wateja wakati wanachagua picha zao. Hapo pa kuchagua ndipo shule ilipo. Kaa na mteja uone kidole chake kinasimama wapi. Hakisimami kwenye keki.

1. KWANZA UJUE HISIA YA KWELI INAFANANAJE

Mwaka 1862 daktari mmoja wa Ufaransa, Guillaume Duchenne, alichapisha kitabu chenye picha za nyuso za watu. Alikuwa anapitisha umeme mdogo kwenye misuli ya uso mmojammoja, anaangalia uso unabadilika vipi. Akaona kwamba tabasamu la furaha lina misuli miwili. Mmoja unavuta midomo, na huo unautii ukiuamrisha. Wa pili unazunguka jicho, na huo ni mgumu kuuamrisha, unakuja na furaha yenyewe. Mpaka leo tabasamu la kweli kitaalamu linaitwa kwa jina lake.

Kwa kazi yetu maana yake ni rahisi: usiangalie meno, angalia macho. Ukimwambia bwana harusi "cheka kidogo", midomo inafunguka ila macho yanabaki pale pale kama ya picha ya kitambulisho. Rafiki yake wa shule akimnong'oneza utani, shavu linapanda, jicho linakuwa dogo, mikunjo inatokea pembeni. Bonyeza hapo.

Lakini usifikiri hisia ni kucheka na kulia tu. Huku kwetu pwani bibi harusi anafundwa ainamishe macho, atulie, asionyeshe pupa. Kibibi cha watu kimekaa kama picha, uso haukuambii kitu. Basi shuka kwenye mikono. Utaona vidole vyenye hina vinakunja na kukunjua ukingo wa nguo. Utaona ameshika mkono wa somo yake amebana kabisa. Utaona miguu imepandana chini ya kitanda. Wazee wa kiume nao hivyohivyo. Baba halii, ila anameza mate mara tatu, anarekebisha kofia ambayo haijakaa vibaya, anaangalia nje ya dirisha wakati nje hakuna kitu. Hiyo ni hisia kubwa kuliko machozi, na mteja wako ataitambua kwa sababu anamjua baba yake.

2. KAZI INAANZA WIKI MOJA KABLA: MASWALI MATANO

Wengi wetu mteja akija tunamuuliza tarehe, ukumbi na bajeti. Uliza na haya, uandike kwenye daftari:

Nani alikulea? Usidhani ni mama na baba. Inaweza kuwa bibi, mama mdogo, mjomba, dada mkubwa. Huyo mara nyingi hajakaa meza kuu.

Nani hatakuwepo? Kuna aliyefariki, kuna aliye mbali. Tanga na visiwani familia nyingi zina mtu Oman. Ukijua kaka yuko Muscat na atapigiwa simu ya video, utakuwa tayari wakati mama anainua simu juu ili mwanawe aone. Kama hujui, utafikiri mama anachezea simu, utageuka uende kupiga mapambo.

Nani atalia wa kwanza? Bibi harusi atakuambia huku anacheka, "Kaka yangu huyu mkubwa, anajifanya mgumu, utamuona." Huyo muweke macho toka asubuhi.

Nani na nani hawakai pamoja? Wazazi walioachana, ndugu waliogombea kiwanja. Hili litakuepusha kuwapanga watu bega kwa bega halafu uso wa mtu ukaharibika mbele ya wageni.

Nani hataki kupigwa? Kuna mtu ana sababu zake za dini, afya au maisha. Mheshimu kabla hajakuomba.

Maswali haya hayana gharama na hayachukui robo saa. Yanafanya kitu kingine pia: mteja anaanza kukuamini. Aliyekueleza habari za marehemu baba yake hataenda tena kuulizia bei duka la pili.

Nitoe mfano uelewe ninachosema. Kuna binti alinijibu swali la kwanza hivi: "Bibi. Mama alikuwa mjini anatafuta, bibi ndiye aliyenilea." Siku ya ndoa bibi hakuwa mbele. Alikaa kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni, ana tasbihi yake. Habari ilipoingia chumbani kwamba akadi imeshapita, vigelegele vikalipuka, wanawake wote wakakimbilia mlangoni kumngoja bwana harusi. Simu zote zikaelekea mlangoni. Mimi nikabaki upande wa bibi kwa sababu ya lile jibu. Akajivuta mpaka kwa mjukuu wake, akafungua fundo kwenye pindo la khanga, akatoa noti iliyokunjwa ndogo sana, akamwekea kiganjani, akamfunga vidole. Neno hakusema. Nilipiga picha nne.

Baada ya miezi kama minane bibi akafariki. Wajukuu walikuja dukani usiku wanatafuta picha ya msiba. Walikuwa na picha zake nyingi kwenye simu, ila kwenye zote yuko nyuma ya watu, nusu uso, au amefumba macho. Picha nzima ya bibi akiwa bibi, yule wanayemjua wao, ilikuwa hiyo. Niliichapa usiku uleule. Ya msiba sikutoza, na nakushauri msiba usitoze. Ilipofika arobaini wakarudi wenyewe wakaagiza nakala kumi na mbili zenye fremu, kila mtoto wa bibi na yake. Hizo walilipa.

Ndio maana nasema hii kazi sio mchezo. Kwetu sisi watu wazima wengi hupigwa picha nzuri mara chache maishani, na mara nyingi ni kwenye harusi ya mtu mwingine. Ukimruka bibi kwa sababu hayuko kwenye orodha ya kamati, umeiruka picha ambayo familia itaihitaji kuliko zote.

3. SIMAMA WAPI, MWANGALIE NANI

Kanuni yangu moja kubwa: tukio likiwa upande huu, hisia iko upande ule. Wote wanaangalia pete, wewe waangalie wanaoangalia pete. Na tukio likiisha usishushe kamera. Hesabu moja mpaka tano. Uso huwa unajizuia wakati wa tukio, unaachia baada yake.

Chumba cha kupambwa. Fika mapema, wakati bado kuna dirisha na mwanga wa mchana. Omba kiti cha bibi harusi kigeuzwe kielekee dirishani na taa ya juu izimwe. Kisha kaa kimya pembeni. Dakika ishirini za kwanza watu wanajua upo na wanajiweka sawa. Baada ya hapo wanakusahau, na hapo ndipo unaanza kazi.

Akadi. Huku kwetu mara nyingi bwana harusi anaozeshwa msikitini au barazani na wanaume wenzake, bibi harusi yuko ndani na wanawake. Kwa hiyo unahitaji watu wawili. Mimi kwa kuwa ni mwanamke nabaki ndani, kijana wangu anaenda upande wa wanaume. Namwambia hivi: walii akishamshika mkono bwana harusi, usiangalie uso peke yake, angalia ile mikono. Wako wanaotetemeka mpaka kanzu inacheza. Bwana harusi akishatamka kwamba amekubali, mgeukie baba yake. Upande wa ndani, wakati wa pekee ni pale bibi harusi anapojiwa kuulizwa idhini yake. Chumba kinanyamaza. Piga mbili tatu, usizunguke, usimsogelee.

Mlangoni. Bwana harusi akija kumuona mkewe, wanawake wanamfungia mlango mpaka atoe. Hapa kuna utani, kusukumana, mtu anachungulia kwenye upenyo, bwana harusi anapapasa mifuko. Kaa ndani, nyuma ya wanawake, kamera ielekee mlangoni. Kicheko cha kweli utakivuna bure.

Kanisani. Muone padri au mchungaji kabla, sio wakati ibada imeanza. "Tumsifu Yesu Kristo" au "Bwana asifiwe" yako, kisha muulize mambo mawili tu: nisimame wapi, na flashi inaruhusiwa wakati gani. Ukiheshimu mipaka yake mara ya kwanza, mara ya pili atakuruhusu usogee. Bibi harusi akiingia, msaidizi wako ampige yeye, wewe mpige bwana harusi anayemngoja. Wakati wa kiapo angalia safu ya kwanza, wazazi wapo pale. Mama wengi hutamka maneno ya kiapo pamoja na mtoto, midomo inacheza bila sauti.

Kutia sahihi. Wengi wanaenda kunywa maji wakati huu. Usiende. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mashahidi wasiopungua wawili, kwa hiyo mezani wapo watu waliochaguliwa kwa sababu wana uzito kwenye maisha ya maharusi. Shahidi akiinama kusaini, mkono wa bwana harusi unakuwa begani kwake. Ni picha ya urafiki ambayo hawatapanga kuipata.

Ukumbini. Sendofu na harusi zina ratiba, MC anayo. Muone mapema, mpe mkono, mwambie, "Bosi wangu, wakati wa kulisha wazazi keki na wakati wa binti kukabidhiwa kwa wakwe, niachie nafasi kidogo mbele, usiniite watu wa selfi." MC akiwa upande wako, nusu ya kazi imekwisha. Kwenye kukabidhi, mwangalie mama anayetoa, sio anayepokea. Anayepokea anacheka. Anayetoa ndiye mwenye jambo.

Kuondoka. Gari likishawashwa, kamati inahesabu soda, wapiga picha wengi wamekunja vifaa. Subiri gari liondoke, kisha geuka nyuma uwaangalie waliobaki wamesimama wanapunga mikono. Nyumba imepungua mtu mmoja na wameanza kulijua hilo.

4. KAMERA: USIKOSE KWA SABABU YA VIFAA

Hisia hairudiwi, kwa hiyo kamera iwe tayari kabla. Mambo ninayotumia:

Lenzi ya 50mm ya f/1.8. Ni ya bei nafuu kuliko lenzi nyingi, ni ndogo, haitishi watu, na inakula mwanga vizuri chumbani. Uso mmoja f/1.8 au f/2 inatosha. Wakikumbatiana wawili panda f/2.8 mpaka f/4, la sivyo mmoja atakuwa na jicho kali na mwingine ukungu.

Spidi ya shata usishuke chini ya 1/125 kwa watu waliotulia. Kukumbatiana, kucheza, kurusha mtu juu, nenda 1/250 na zaidi. Kama giza limezidi pandisha ISO, 1600, 3200, hata juu yake. Picha yenye chengachenga mteja ataipenda kama mama yake yupo mle. Picha iliyotikisika haina dawa.

Shela jeupe linaidanganya kamera. Likijaa kwenye picha, kamera inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na uso mweusi wa bibi harusi unazama. Ongeza mwanga kwenye kamera kwa hatua kama nusu hivi mpaka moja, na piga RAW ili shela ulirudishe wakati wa kuhariri. Wanaume wenye suti nyeusi na wanawake wa mabuibui ni kinyume chake, hapo kamera inazidisha.

Flashi usiichome usoni kwa mtu. Ielekeze kwenye dari jeupe mwanga urudi laini. Ila angalia juu kwanza: ukumbi uliofunikwa vitambaa vya zambarau utakurudishia ngozi ya zambarau. Wakati wa dua, kiapo au machozi, flashi izime kabisa. Flashi moja inatosha kumkumbusha mtu kwamba anaangaliwa, na akikumbuka, anajifuta machozi anakaa sawa. Umeua picha yako mwenyewe.

Kamera zenye shata ya kimya ni nzuri kanisani na kwenye akadi, ila chini ya taa za LED zinaweza kuleta mistari kwenye picha. Jaribu picha mbili kabla ibada haijaanza.

Usibonyeze mfululizo kama bunduki. Enzi za filamu mkanda mmoja wa milimita 35 ulikuwa na picha 36, na watu walirudi na harusi nzima. Piga tatu au nne kwenye kilele, pumzika, angalia tena. Ukileta picha elfu nne, utazikosa nzuri kwa uchovu wa kuchagua.

Memori kadi mbili kama kamera inaruhusu, na ukifika nyumbani hamishia kompyuta na diski ya nje kabla hujalala. Usifute kadi mpaka mteja ameshapokea kazi yake.

5. USILAZIMISHE

Kuna wenzetu wanamwambia bibi harusi "dada, pangusa macho kama unalia", au wanaomba baba arudie kumkumbatia binti kwa sababu pembe haikuwa nzuri. Sikushauri. Baba akirudia mara ya pili, anakumbatia kwa ajili yako, sio kwa ajili ya binti. Picha itaonekana sawa kwako. Kwao kila wakiiona watakumbuka walikuwa wanaigiza.

Kinachoruhusiwa ni kutengeneza nafasi. Mwambie baba, "Shikamoo mzee, binti yako yuko tayari, ungependa umuone dakika mbili kabla watu hawajaingia?" Mfungulie mlango, wewe simama kona. Utakachokipata hukukiagiza, na hakuna kilichoigizwa. Au wape maharusi dakika kumi peke yao baada ya kanisa, ndani ya gari au nyuma ya jengo, wewe ukiwa mbali. Siku nzima hawajaongea. Wakikaa tu wanashusha pumzi, wanacheka, mmoja anavua kiatu.

Na ujue hisia nyingine sio ya kupigwa. Ukiona kilio kimegeuka kuwa cha uchungu hasa, mtu amezidiwa, ndugu wanamshika, shusha kamera umletee maji. Harusi ina maumivu yake na mengine hayahitaji shahidi.

6. LINDA HESHIMA YA WATU, NDIYO MTAJI WAKO

Ukipiga hisia za kweli maana yake umeona watu wakiwa wazi. Hiyo ni amana. Kwenye singo, kichenpati na vyumba vya wanawake, mimi nakubaliana na familia kwa maandishi: nani ataziona picha, zitahaririwa na nani, na hazitoki dukani. Kadi yao naitenga, na kijana wangu hazigusi. Kwa sababu hiyo napata kazi ambazo watu wenye kamera kubwa kuliko yangu hawazipati. Wadada wenye kamera, hili ni soko lenu, lichukueni.

Kuweka mitandaoni nako kuna utaratibu. Machozi ya mama wa watu sio tangazo lako mpaka wakubali. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Kwenye risiti yangu kuna mistari mitatu: naruhusu kutumia picha zote, naruhusu nitakazochagua, siruhusu. Mteja anaweka tiki na sahihi. Anayesema hapana usimnunie, mtumie zake vizuri. Mara nyingi huyo ndiye anayekuletea wateja watatu wa mdomo kwa mdomo.

7. SASA GEUZA HISIA IWE PESA

Hapa ndipo wengi wanaachia hela mezani. Wanakabidhi flashi yenye picha mia sita, kwaheri.

Kesho yake kabla ya saa sita mchana, mtumie mteja picha kumi tu, zote za hisia. Zitume WhatsApp kama faili la dokumenti, maana ukizituma kama picha za kawaida zinapunguzwa ubora. Kwa nini kesho yake? Kwa sababu moyo bado una joto na ndugu bado wapo nyumbani. Zitazunguka kwenye makundi ya familia siku hiyohiyo zikiwa na jina la duka lako.

Baada ya wiki muite dukani achague za albamu. Usimuonyeshe kwenye simu, muonyeshe kwenye skrini kubwa, kimya, kwa mpangilio wa siku ilivyokwenda. Na uwe umechapa picha tatu tayari za ukubwa wa A4: mmoja wa wazazi, yule aliyemlea, na maharusi wenyewe. Usimlazimishe kununua. Ziweke tu mezani.

Tuseme kuchapa A4 na fremu yake kunakugharimu 12,000, unauza 25,000. Mteja akichukua tatu, na mama yake akachukua moja, na kaka wa Muscat akaagiza mbili apelekewe na ndugu, hizo ni picha sita, faida 78,000 ambayo haikuwepo kwenye makubaliano ya mwanzo. Weka bei zako mwenyewe kulingana na mji wako, ila hesabu ndiyo hiyo. Hakuna mtu anayenunua fremu ya keki. Wananunua uso wa mtu wao.

Bei nayo usiitaje kwa idadi ya picha. Ukisema "picha mia tano kwa laki nne", mteja ataenda kwa anayesema mia saba kwa bei hiyohiyo. Mwambie utakachofanya: utakuja kuongea nao kabla, mtakuwa wawili, mtakuwepo toka kupambwa mpaka gari linaondoka, na kila mzee wa familia atapata picha yake moja nzuri. Ahadi hii ya mwisho iandike kabisa kwenye karatasi ya bei. Kwenye kamati kuna wazee, na wao ndio wanaopitisha bajeti.

YA KUONDOKA NAYO

Kama una harusi Jumamosi hii na huwezi kufanya yote, fanya matatu. Mpigie bibi harusi leo umuulize nani alimlea. Zima flashi wakati wa kiapo au akadi. Na kila tukio likiisha, bakiza kamera jichoni ukihesabu mpaka tano.

Unauza keki au mapambo? Swali lile la "nani alikulea" ni lako pia. Mpelekee huyo mtu kipande chake cha keki mkononi, kabla ya meza kuu. Utaona wenyewe watakavyokukumbuka.

Mtumie na mwenzako mwenye kamera. Kazi njema, na tuwapigie vizuri wazee wetu wangali wapo.